TONE DOGO KATIKA SINDANO YA MGONGO
Faida yake kwa mama anayepasuliwa, hatari yake, na ulinzi tunaopaswa kuudai



Katika mikutano ya matawi hapa Gisenyi, mashambani na viwandani, kina mama huuliza swali ambalo halihusu mshahara wala saa za kazi, lakini linamhusu mfanyakazi na mwili wake. Kwa nini mama mmoja akipasuliwa ili ajifungue, usiku wa kwanza analala vizuri na mtoto ananyonya, na mwingine aliyepasuliwa siku ile ile anaugua maumivu mpaka asubuhi? Wako wanaosema ni ushujaa. Wako wanaosema ni bahati. Wengine wanasema ni fedha.

Mara nyingi tofauti hiyo inatokana na dawa iliyotiwa ndani ya sindano ya mgongo. Tunaandika ukurasa huu ili kila mfanyakazi aielewe dawa hiyo: ni kitu gani, inafanya kazi vipi, ina faida gani, ina hatari gani, na ni vitu gani vinapaswa kuwepo hospitalini pindi inapotumiwa. Sisi si madaktari, na anayeamua juu ya dawa ya mgonjwa ni mtaalamu aliye mbele yake. Lakini mgonjwa anayeelewa huuliza, na anayeuliza huhudumiwa kwa uangalifu zaidi.

KUPASULIWA SI JAMBO LA WACHACHE

Uchunguzi wa taifa wa hali ya watu na afya unaonyesha kwamba mwaka 2010, katika kila watoto 100 waliozaliwa Rwanda, 7 walizaliwa kwa upasuaji. Uchunguzi wa 2014-2015 ulipata 13. Ule wa 2019-2020 ulipata 15. Maana yake, karibu uzazi mmoja katika kila 7 ulikuwa wa kisu. Uchunguzi huo wa mwisho ulionyesha pia kwamba watoto 93 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya na hospitali. Kwa hiyo jambo hili linagusa kila kikosi cha wachuma chai na kila zamu ya kiwandani.

Tena mama wa kazi ya mikono ana sababu zaidi ya kulifuatilia. Mchuma chai hupanda mlima na kikapu, huinama na kuinuka tangu asubuhi. Mwenzake wa kiwandani husimama saa 8. Mama asiyeweza kuinuka kitandani siku za kwanza kwa sababu ya maumivu huchelewa kupona, na mwili huo ndio atakaorudi nao kazini.

TULIKOTOKA

Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aliyekuwa akisomea uganga, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa uzazi mahali paitwapo Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda. Waliopasua walikuwa wenyeji, na kazi hiyo waliijua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Pombe hiyo hiyo ilitumiwa kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za magome ya mti. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto walikuwa wazima. Habari hiyo ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884.

Kwa hiyo watu wa nchi hizi za maziwa walijua tangu zamani kwamba mama anayepasuliwa hapaswi kuachwa na maumivu yake. Walitumia walichokuwa nacho, na sisi hapa tunaijua pombe ya ndizi vizuri.

Baadaye ikaja nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi mzito. Inasaidia mpaka leo, na mara nyingine hapana njia nyingine, kwa mfano mama anapotoka damu nyingi sana. Lakini kwa mwenye mimba ina mashaka yake: chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni, koo linaweza kuwa limevimba na mpira wa kupumulia ukashindikana kupita, na dawa nyingine za kumlaza mama humfikia na mtoto. Kwa sababu hiyo wataalamu siku hizi hupendelea ganzi ya mgongo, ambayo Mjerumani August Bier aliianzisha mwaka 1898.

SINDANO YA MGONGO INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya mifupa ya mgongo umo mkungu wa mishipa ya fahamu. Kazi yake ni kama ya nyaya za simu: hupeleka habari za maumivu kwenye ubongo, na huleta amri za ubongo kwenye miguu. Mkungu huo umezungukwa na maji safi ndani ya mfuko.

Watu wengi wanaogopa kwamba sindano itachoma mkungu wenyewe na mama atapooza. Yafaa waelewe mahali inapopita. Kwa watu wengi wazima mkungu huishia juu kidogo ya kiuno. Chini ya hapo maji yanaendelea, na ndani yake kuna nyuzi za mishipa zinazoelea na kusogea pembeni. Mtaalamu wa ganzi huchoma huko chini. Ndiyo sababu anamwambia mama akae ameinama na atulie: mifupa ifunguke na sindano ipite kati yake.

Dawa inayotumika sana inaitwa bupivakaini. Ikiingia katika maji yale, kwa dakika chache inazima mishipa yote: ya maumivu na ya kutembeza miguu. Mama hubaki macho, anamsikia mtoto akilia, lakini hasikii kisu. Anaweza kusikia kuvutwa au kusukumwa, na hilo ni la kawaida.

Ila bupivakaini ina mpaka wake. Baada ya saa 2 au 3 hivi nguvu yake inakwisha. Miguu inarudi, na maumivu yanarudi pamoja nayo: ya jeraha, na ya tumbo la uzazi linalojikaza ili kurudi katika hali yake. Hapo ndipo usiku mrefu unapoanza.

TONE LINALOONGEZWA

Kutoka katika utomvu wa mpopi, mmea wa afyuni, Mjerumani Friedrich Sertürner alitoa mofini mwanzoni mwa karne ya 19. Fentanili ni ndugu yake iliyotengenezwa viwandani. Kwa muda mrefu mofini ilichomwa msulini au kwenye mshipa wa damu, nayo ikafika kila mahali mwilini. Mwaka 1901 daktari wa Romania, Nicolae Racoviceanu-Pitești, alieleza mjini Paris kwamba aliichanganya na dawa ya ganzi ya mgongo. Lakini jambo hilo halikushika mpaka wataalamu walipogundua, katika miaka ya 1970, kwamba ndani ya mkungu wa mgongo wenyewe kuna sehemu zinazopokea dawa hii. Mwaka 1979 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza kwamba mofini kidogo katika maji ya mgongo iliwapunguzia maumivu wagonjwa wa saratani kwa saa nyingi.

Tufananishe na mlango wa ghala. Habari za maumivu hupitia mlango ulio ndani ya mkungu, na mlango huo una kufuli. Mofini na fentanili ni funguo zake. Bupivakaini hukata nyaya zote kwa muda, lakini funguo hizi hufunga mlango wa maumivu peke yake. Ndiyo sababu mama anaweza kusimama na kutembea, na bado maumivu yakawa madogo.

Funguo hizi mbili hazina tabia moja. Fentanili hupenda mafuta. Inaingia upesi katika mishipa, kwa dakika chache, na baada ya saa chache imeondoka. Inafaa wakati wa upasuaji wenyewe: hupunguza kule kusikia kuvutwa, na humwezesha mtaalamu kutumia bupivakaini kidogo zaidi, ili nguvu ya damu ya mama isishuke mno. Mofini hupenda maji. Huanza polepole, lakini hukaa katika maji ya mgongo, na kazi yake inaweza kuendelea saa 12 mpaka 24. Ndiyo inayomsaidia mama usiku ule wa kwanza. Wataalamu wengine hutia zote mbili.

KIASI NI KIDOGO SANA

Kiasi cha mofini kinachotiwa mgongoni ni kama mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu moja. Chupa ya kawaida ya mofini ya sindano huwa na miligramu 10. Pigeni hesabu: chupa moja hiyo ina kiasi cha kutosha kina mama 100. Kwa hiyo mtaalamu hana budi kuizimua kwa uangalifu mkubwa, na yafaa mtu wa pili ahakikishe hesabu yake. Kosa la nukta moja ni kosa la mara 10.

Tena siyo kila mofini inayofaa. Ile ya kutiwa mgongoni inatakiwa isiwe na dawa za kuhifadhi zisioze, kwa sababu hizo zinaweza kudhuru mishipa. Mofini ya maji ya kunywa, ambayo nchi yetu imeitengeneza yenyewe kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na wengine wenye maumivu makali, ni msaada mkubwa, lakini ni ya kunywa tu. Kwa hiyo hospitali inaweza kuwa na mofini ghalani na bado ikakosa ile ya mgongo.

FAIDA

Mama asiyeumwa sana hugeuka kitandani, hukaa, huinuka na kutembea mapema. Kutembea mapema husaidia kuzuia damu isigande katika miguu, na husaidia kifua kisishikwe. Humchukua mtoto na kumnyonyesha bila kukunja uso. Hahitaji kuchomwa sindano kila saa chache. Dawa inayofika katika maziwa ni kidogo mno, na mama anaweza kunyonyesha.

Maumivu makali yasiyotulizwa katika siku za kwanza hufanya pia iwe rahisi zaidi kwa maumivu kuendelea miezi mingi. Mama mwenye maumivu ya namna hiyo hawezi kubeba kikapu.

HATARI, NA ULINZI WA USIKU

Tusidanganyane. Dawa hii ina madhara, na moja kati yake ni kubwa.

Madogo kwanza. Mama wengi huwashwa, hasa puani na usoni. Hii kwa kawaida si dalili ya dawa kumkataa, nayo hupita au hutulizwa. Wengine hupata kichefuchefu na kutapika. Wengine mkojo hukawia kutoka.

Sasa lile kubwa. Mofini iliyo katika maji ya mgongo hupanda polepole pamoja na maji hayo kuelekea kichwani. Ikifika nyingi inaweza kupunguza pumzi. Jambo hili ni nadra kwa kiasi kidogo tulichotaja. Lakini likitokea, halitokei katika chumba cha upasuaji ambako watu wote wapo. Linaweza kutokea saa 6, 12 au hata zaidi baadaye, wakati taa zimepunguzwa na muuguzi mmoja ana wodi nzima. Mama anasinzia, pumzi zinapungua, na anayemwona anadhani amechoka tu.

Dawa ya kuondoa hatari hiyo ipo, inaitwa naloksoni. Lakini haina faida kama hapana mtu aliyeona kwamba mama hapumui vizuri. Kwa sababu hiyo wataalamu wa ganzi ya uzazi wa Marekani walikubaliana mwaka 2019 kwamba mama mwenye afya aliyepewa kiasi kidogo, pumzi na usingizi wake viangaliwe kila saa 2 kwa muda wa saa 12. Mwenye hatari zaidi huangaliwa kwa karibu zaidi. Naye ni nani? Ni mama mnene sana, anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, aliyepewa dawa ya magnesi kwa ajili ya kifafa cha mimba, au aliyepewa dawa nyingine za usingizi.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji mashine kubwa. Kunahitaji saa, karatasi, na mtu. Huyo mtu ndiye anayekosekana mara nyingi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kina mama kama 5 katika kila 1,000 waliopasuliwa walikufa, karibu mara 50 kuliko katika nchi tajiri. Vifo hivyo vilihusiana na kutoka damu na matatizo ya ganzi, na watenda kazi walikuwa wachache. Ndugu wauguzi ni wafanyakazi kama sisi. Muuguzi aliyeachiwa wagonjwa kupita kiasi hana kosa kwa kutokuwa na macho kumi.

Basi msimamo wetu ni huu: mofini ya mgongo na ulinzi wa usiku ni madai mamoja. Mahali ambapo ulinzi haupo, mtaalamu anaweza kwa haki kabisa kuchagua njia nyingine: fentanili inayokwisha upesi, parasetamoli na ibuprofeni au diklofenaki zinazotolewa kwa saa maalumu bila kungoja mama alie, au ganzi inayochomwa katika ukuta wa tumbo. Tusimlaumu kwa tahadhari hiyo. Tuulize kwa nini hakupewa watu wa kumsaidia.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, mama atakuwa mtumwa wa afyuni? Hapana. Kiasi kidogo cha mara moja hakimfanyi mtu awe mlevi wa dawa.

Je, sindano hii ndiyo inayoleta maumivu ya mgongo ya miaka? Mimba yenyewe, kuinama na kubeba mizigo huleta maumivu ya mgongo kwa kina mama wengi, hata wasiochomwa. Mahali palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Wengine hupata kichwa kikali kinachozidi wakikaa na kupungua wakilala. Hilo liambiwe hospitali upesi, kwa kuwa lina matibabu.

Je, kuvumilia maumivu si sifa ya mwanamke? Mwanamume akivunjika mguu kiwandani hatumwambii avumilie mfupa uungwe bila ganzi.

KWA NINI HAIFIKI KWETU

Mofini ni dawa ya zamani. Hakuna kampuni inayoimiliki peke yake, na bei yake si kubwa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya ulizitaka nchi zizuie matumizi mabaya, lakini pia zihakikishe kwamba wagonjwa wanaipata. Sehemu ya kwanza imeshughulikiwa kwa bidii kuliko ya pili.

Tume moja ya wataalamu, iliyotoa taarifa yake mwaka 2017 katika gazeti la uganga la The Lancet, ilipiga hesabu ya dawa za jamii hii zilizogawiwa duniani kwa mwaka kati ya 2010 na 2013. Zilikuwa tani 298.5. Nchi maskini zilipata tani 0.1. Ndugu mchuma chai anayejua kupima uzito wa kikapu ataielewa mizani hiyo bila mwalimu.

TUFANYE NINI

1. Mama mwenye mimba aulize mapema, anapokwenda kupimwa: hospitali nitakayopelekwa inatumia ganzi gani? Baada ya kupasuliwa nitapewa dawa gani ya maumivu, na kwa saa zipi?

2. Kabla ya sindano amwambie mtaalamu wa ganzi kama anakoroma sana na kukatikiwa na pumzi, kama ana kifafa cha mimba, kama damu yake haigandi vizuri, kama kuna dawa inayomdhuru, na dawa zote anazotumia, hata za miti shamba.

3. Baada ya upasuaji aulize: nimetiwa mofini mgongoni? Kama jibu ni ndiyo, ndugu anayemuuguza ajue. Usiku akimwona mama haamki anapoitwa, au pumzi zake ni chache kuliko 10 kwa dakika, amwite muuguzi mara moja, asione haya. Wala asimpe kidonge cho chote cha usingizi au cha maumivu kilicholetwa kutoka nyumbani. Lakini ndugu huyo ni msaidizi tu, hawezi kushika nafasi ya muuguzi.

4. Matawi yanapokutana na wakuu wa hospitali au wa wilaya, yaulize mambo manne: kuna wauguzi wangapi usiku katika wodi ya waliojifungua? Kuna naloksoni na hewa ya oksijeni karibu? Kuna kile kifaa cha kubana kidole cha kupimia hewa iliyo katika damu? Mofini ya mgongo inaagizwa kwa utaratibu, au inakuja kwa bahati?

5. Mama asirudi kazini kabla ya wakati. Marekebisho ya sheria ya kazi ya mwaka 2023 yalipandisha likizo ya uzazi kutoka wiki 12 mpaka wiki 14, na ya baba kutoka siku 4 mpaka siku 7 za kazi. Baba atumie siku zake kumsaidia aliyepasuliwa. Mfuko wa likizo ya uzazi umejengwa kwa asilimia 0.3 ya mshahara wa mfanyakazi na asilimia 0.3 kutoka kwa mwajiri. Ni jasho letu. Ye yote anayerudishwa shambani mapema amwarifu mwakilishi wa wafanyakazi.

Ndugu, nukuu ukurasa huu au uukate, uupeleke kwa mwenzako aliye na mimba. Asiyejua kusoma asomewe. Na tawi litakalopata majibu ya maswali yale manne lituletee, tuyaweke pamoja, ili tukienda kudai tuwe na hesabu mkononi.

Umoja ni nguvu.